Msanii naye ajitembeze

Mwandishi wa makala, hapo uliposema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza sikubaliani nawe hata kidogo. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakujifungia ndani na picha zake. Ziliuzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, pale ambapo wageni na watu wenye fedha walikuja kununua mahitaji yao, na mkewe Agatha alishiriki kuziuza. Hakuvutwa mtu mkono. Mnunuzi alitoka dukani, akamwona chui wa rangi kali kwenye ubao, akasimama mwenyewe. Tingatinga alifariki 1972, na hadi leo wapo wanaoishi kwa kuchora kwa mtindo wake!

Na wewe ndugu uliyeandika hapo juu kwamba kujitangaza ni kuombaomba, mimi pia nachora, nauza Bagamoyo, na wateja wangu wengi huchukua picha waliyonikuta naichora. Kwenye status ya WhatsApp siwapigii watu kelele za "karibuni mnunue" kutwa nzima. Naweka ubao ukiwa na mistari tu, kesho yake naweka rangi zilipofikia, naeleza kwa nini yule ndege nimempa shingo ndefu, na bei naiandika wazi. Anayeitaka huuliza, asiyeitaka simfuati. Watu huchoshwa na kugandwa baada ya kusema hapana. Kuonyeshwa kazi wanapenda sana. Wasanii wenzangu, tokeni nazo nje, na tafadhali andikeni bei.