Ndege ya Bukoba na Vyombo vya Wavuvi

Kauli ya kwamba ajali haina kinga tumeizoea matangani, nayo humliwaza mfiwa; lakini ikitamkwa na mwenye dhamana, si liwazo tena, ni udhuru.

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, kukiwa na mvua, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, iliyotoka Dar es Salaam na watu 43, ilianguka katika Ziwa Victoria ikiwa karibu kabisa kutua Bukoba, mji ambao uwanja wake wa ndege umepakana na maji. Wakafa 19, marubani wote wawili wakiwa miongoni mwao, wakasalimika 24. Na waliotangulia kuufikia mkia uliokuwa ungali juu ya maji walikuwa wavuvi, watu wasiolipwa mshahara wa kuokoa mtu.

Tangu hapo wengi wetu tumekuwa tukiuliza ni nani mkosa, kana kwamba uchunguzi wa ajali ya ndege ni baraza la kadhi. Sivyo. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kuhusu usafiri wa anga, katika kiambatisho chake cha 13, umebainisha kwamba madhumuni ya uchunguzi huo ni kuzuia ajali nyingine, wala si kugawa lawama. Nao huongozwa na dola ambayo ajali imetokea katika ardhi yake, ilhali dola iliyobuni ndege, kama Ufaransa katika kadhia hii, ina haki ya kumleta mwakilishi wake. Vinasa sauti na mwenendo wa ndege (tunaviita visanduku vyeusi, na rangi yake ni ya chungwa) hueleza yaliyojiri hewani hadi ndege ilipogusa maji.

Baada ya hapo vyombo hivyo havina la kusema, na mimi hoja yangu yaanzia hapo. Kiambatisho cha 14 cha mkataba ule ule chataka uwanja uliopakana na maji uwe na watu na zana za uokozi zinazolingana na hatari hiyo. Kwa hiyo anayechunguza mwendo wa rubani pasipo kuchunguza gati, mafuta ya boti, wazamiaji, na simu iliyopaswa kuwaita, ameichunguza nusu ya safari. Abiria waliokuwa wamefunga mikanda ndani ya maji walihitaji boti, na boti zilizotangulia zilikuwa za watu waliokwenda ziwani kutafuta samaki.