Mbwa Chini ya Meza

Katika Uingereza, baa ya mtaa si mahali pa ulevi tu. Jumapili mchana baba, mama na watoto huenda huko kula nyama ya kuoka, viazi na mboga, na mara nyingi mbwa wao hulala chini ya meza. Neno la mwisho juu ya kuingia kwake ni la mwenye baa. Sheria humtaka azuie wanyama wasifike jikoni. Mbwa amwongozaye kipofu ana ulinzi wa Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, wala si rahisi kumfukuza mlangoni.

Ruhusa hiyo ina adabu zake. Mgeni mstaarabu huuliza kwanza. Mbwa hufungwa kamba fupi, hulala sakafuni, na hunywa maji katika bakuli lake, si katika chombo cha watu.

Hatari hutoka mezani. Mtoto mwenye huruma hudondosha mfupa, au humpa mbwa mabaki ya mchuzi. Lakini mfupa uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha na huweza kutoboa utumbo. Kitunguu huharibu damu ya mbwa. Zabibu kavu huweza kuharibu figo zake. Bia nayo ni sumu kwake.

Mbwa wa ulinzi hufunzwa kukataa chakula cha mgeni. Mbwa wa nyumbani hana mafunzo hayo, basi ni wajibu wa wazazi kuwafunza watoto: huruma isiyo na maarifa huua.