Maji ya Sogi na Swali la Pili

Maporomoko mengi yenye sifa duniani humtoza mtu jasho kabla hajayaona. Sharti apande mlima, ashuke korongo, ashikilie mizizi na kuparamia mawe. Matokeo yake ni kwamba vijana hufika, na bibi mwenye magoti mabovu hubaki nyumbani akisimuliwa. Leo safu hii inakupeleka kwenye maporomoko ya tabia nyingine kabisa: maporomoko ya Sogi, nchini Japani, ambako bibi na mjukuu wake hufika pamoja wakiwa wamevaa viatu vya kawaida na bila kutweta.

Sogi yako katika mji wa Isa, kaskazini mwa mkoa wa Kagoshima, kwenye kisiwa kikubwa cha kusini kiitwacho Kyushu. Mto wenyewe ni Sendai, wenye urefu wa kilomita 137, na ni wa pili kwa urefu katika kisiwa hicho. Huanzia milimani katika mkoa wa Kumamoto, ukapita Miyazaki, ukaingia Kagoshima na hatimaye kumwaga maji yake katika Bahari ya China Mashariki. Njiani, hapo Sogi, kitanda cha mto hukatika ghafla. Maji huanguka kimo cha mita 12 tu, lakini upana wake ni mita 210, yaani kama urefu wa viwanja viwili vya mpira vikiunganishwa goli kwa goli. Kwa ajili ya upana huo Wajapani wameyapachika jina la Niagara ya Mashariki.

Msafiri hutokea uwanja wa ndege wa Kagoshima kwa gari, mwendo wa takriban saa moja, akipita mashamba ya mpunga. Zamani angeweza kwenda kwa treni hadi Okuchi, mji ulio karibu na hapo, lakini njia mbili za reli zilizofika mji huo zilifungwa, moja mwaka 1987 na nyingine mwaka 1988, na tangu hapo barabara ndiyo njia. Gari huachwa kwenye bustani ya wananchi iliyo kando ya mto. Kutoka hapo ni hatua chache tu. Kabla hujaona maji unayasikia, na punde unasimama kwenye ukingo, mto mzima umetandazwa mbele yako kama mkeka.

Nao si mkeka mmoja. Miamba myeusi imeugawa mto katika mikondo mingi, mipana na myembamba. Mahali pengine maji hushuka kwa kishindo na povu jeupe, na mahali pengine huteleza polepole kana kwamba hayana haraka ya kufika. Baada ya mvua za mwezi wa Juni na Julai mikondo hiyo huungana, miamba ikafunikwa, na rangi ya maji ikawa ya udongo. Majira ya kuchipua, miti ya sakura huchanua bustanini. Mwezi wa Novemba majani ya miti hugeuka mekundu na ya manjano, na hapo ndipo familia humiminika kwa wingi, wazee kwa watoto, na vyakula vyao mikononi.

Hayo ndiyo majibu ya swali la kwanza, ambalo kila mtu huuliza akifika kwenye maporomoko: yana ukubwa gani, na uzuri wake ukoje? Lakini liko swali la pili, ambalo kwa kawaida huulizwa na watoto, nasi wakubwa tukawanyamazisha kwa kuwa hatuna jibu: maji haya yakishapita hapa, yanakwenda kufanya nini?

Hapo Sogi swali hilo lina jibu refu. Mwaka 1906 mhandisi mmoja wa umeme, Noguchi Shitagau, aliyekuwa na umri wa miaka 33, alianzisha kampuni ya kufua umeme kwa nguvu ya maporomoko hayo. Mtambo wa kwanza ulitoa kilowati 800. Mteja wake alikuwa karibu, maana nchi hiyo ya Okuchi ni nchi ya dhahabu, na migodi ilihitaji nguvu ya kuvuta maji yaliyojaa mashimoni. Mwaka 1909 ukakamilika mtambo wa pili, mbele kidogo mto unakoelekea baada ya maporomoko, katika jengo la matofali ya kuchoma lenye madirisha marefu ya tao kama ngome ya Ulaya. Huo uliweza kutoa kilowati 6,700, na kwa Japani ya wakati ule ulikuwa miongoni mwa mitambo mikubwa.

Sasa tazama jinsi neema ya mmoja inavyogusa riziki ya mwingine. Kabla ya umeme, pampu za migodi ziliendeshwa kwa makaa ya mawe. Makaa hayo yaliteremshwa kutoka melini kwenye bandari ndogo iitwayo Minamata, ng'ambo ya milima, pwani ya mkoa wa Kumamoto, kisha yakapandishwa hadi migodini kwa mikokoteni ya farasi. Watu wa Minamata walipata mkate wao kwa kazi hiyo. Waya wa umeme ulipofika mgodini, mikokoteni ikakosa mzigo. Na kama kwamba hilo halikutosha, uchumi wao mwingine, yaani mashamba ya chumvi ya pwani, nao ulikuwa ukielekea kufa, kwa kuwa serikali ilikuwa imeitwaa biashara ya chumvi mwaka 1905.

Basi waliposikia kuwa Noguchi ana umeme wa ziada na anatafuta mahali pa kujenga kiwanda cha kabidi, viongozi wa Minamata walimwendea wakamsihi akijenge kwao. Ardhi walimpa kwa bei nafuu, na gharama ya nguzo za kuvusha umeme milimani walijitolea kusaidia. Mwaka 1908 kampuni ya umeme na ile ya kabidi ziliunganishwa, ikazaliwa kampuni ya mbolea ya naitrojeni ambayo baadaye ilijulikana ulimwenguni kwa jina la Chisso. Kijiji cha wavuvi kikawa mji wa kiwanda. Vijana walipata mishahara, maduka yakafunguliwa, na mbolea ikaenda kwa wakulima wa mpunga. Nani angelaumu?

Ndugu msomaji, huenda jina la Minamata umekwisha kulisikia. Mwaka 1932 kiwanda hicho kilianza kutengeneza kemikali iitwayo asetaldehidi, na katika kazi hiyo kilitumia zebaki. Maji machafu yalitiririshwa baharini. Zebaki iliingia katika vidudu vidogo vya majini, vidudu vikaliwa na samaki, na samaki wakaliwa na watu ambao kitoweo chao cha kila siku kilikuwa samaki. Walioanza kuonyesha dalili walikuwa paka wa wavuvi: walizunguka wakitetemeka, wakaruka na kuanguka. Mwezi wa Aprili 1956 watoto wawili wa kike wa familia moja walipelekwa katika hospitali ya kiwanda, hawawezi kutembea wala kusema sawasawa. Tarehe 1 Mei, mganga mkuu wa hospitali hiyo, Hosokawa Hajime, aliarifu ofisi ya afya kwamba kumezuka ugonjwa wa mishipa ya fahamu usiojulikana.

Kilichofuata ndicho chenye kuumiza zaidi. Mwaka 1958 kiwanda kiligeuza mkondo wa maji machafu kutoka bandarini na kuyapeleka kwenye mlango wa mto, na zebaki ikasambaa katika eneo pana zaidi la bahari. Mwaka 1959 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitangaza kuwa chanzo ni zebaki. Mwaka huo huo Hosokawa alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji ya kiwanda, na paka akaugua ugonjwa ule ule. Matokeo hayo yalifichwa. Kiwanda kikazindua kwa shangwe mtambo wa kusafisha maji, ambao haukuwa na uwezo wa kuondoa zebaki hiyo. Kemikali ile iliendelea kutengenezwa hadi mwaka 1968, na ni mwaka huo ndipo serikali ya Japani ilipokiri rasmi chanzo cha ugonjwa. Miaka 12 ilikuwa imepita tangu taarifa ya yule mganga.

Walioandikishwa rasmi kuwa wagonjwa wa Minamata wanazidi 2,200, na wengine maelfu kwa maelfu walipewa fidia ya namna nyingine au walidai haki zao mahakamani. Miongoni mwao wako waliozaliwa tayari wagonjwa. Sumu ilipita kwa mama mjamzito ikamfikia mtoto tumboni, wakati mama mwenyewe pengine hakuonyesha dalili kubwa. Kabla ya Minamata, waganga wengi waliamini kuwa mji wa mimba humkinga mtoto na sumu ya namna hiyo.

Je, tuseme kwamba maporomoko ya Sogi yana hatia? La hasha. Maji huanguka yanakoelekezwa na mwamba, na umeme hufanya lile unalotumwa. Wala kiwanda cha Minamata hakikutegemea Sogi peke yake katika miaka hiyo ya baadaye. Aidha, wale wazee waliomsihi Noguchi hawakukosea kuwatafutia watoto wao kazi. Kosa lilianzia pale watu wachache walipolijua jibu la swali la pili, nao wakalifunga sandukuni. Kila mmoja aliuona moshi wa kiwanda na kuusifu. Maji yaliyotoka mlango wa nyuma hayakuulizwa yanakwenda wapi.

Mwenye kutembelea Sogi leo anaweza kuyasoma hayo yote kwa macho yake. Jengo la mtambo wa mwaka 1909 lilizamishwa na bwawa la Tsuruda, lililojengwa miaka ya 1960. Sehemu kubwa ya mwaka limo chini ya maji. Lakini majira ya joto yanapokaribia, maji ya bwawa hupunguzwa ili kuacha nafasi ya mvua kubwa, na hapo kuta za matofali huibuka taratibu, hazina paa, madirisha yakiwa matupu. Husimama hivyo miezi kadhaa, kisha huzama tena. Watu husimama ng'ambo wakalitazama kama wanavyotazama kaburi la mtu mashuhuri.

Na mto haujakoma kufundisha. Mwezi wa Julai 2006 mvua kubwa mno ilinyesha katika bonde la Sendai, na mafuriko yakaharibu nyumba na mashamba. Miamba ile ile inayoipa Sogi uzuri wake ilikuwa ikibana njia ya maji. Wako ambao wangesema: ivunjwe. Badala yake ulichimbwa mfereji wa pembeni wenye urefu wa kama mita 400, uliokamilika mwaka 2011, ili maji ya mafuriko yapate njia ya pili na maporomoko yabaki. Na tangu mwaka 2013 mtambo mdogo wa kilowati 490 unafua umeme hapo tena, ukichukua sehemu tu ya maji na kuuachia mto mengine yaendelee kuanguka mbele ya watazamaji.

Habari hii si ya Wajapani pekee. Mwezi wa Oktoba 2013 mataifa yalikutana mkoani Kumamoto na kutia sahihi mkataba wa kudhibiti zebaki, wakauita Mkataba wa Minamata, nao ulianza kutumika mwaka 2017. Tanzania ni mwanachama. Sababu yake iko Geita, Chunya na kwingineko ambako wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu, kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Moshi huo hauonekani kuwa na hatari. Mara nyingine huchomewa uani, karibu na jiko, mama akiwa na mtoto mgongoni. Mabaki huoshewa mtoni, na mto una samaki.

Kwa hiyo, mzazi unayewasomea wanao ukurasa huu, waonyeshe ramani ya Japani, uwape vipimo vya Sogi: upana mita 210, kimo mita 12. Watavipenda. Kisha waache waulize swali la pili, na usiwanyamazishe. Waulize hivyo juu ya mfereji unaopita nyuma ya nyumba, juu ya bomba la kiwanda lililo njiani kuelekea shuleni, na juu ya kijito ambacho jirani anaoshea mchanga wake wa dhahabu. Palipo na jibu la wazi, watoto watalipata. Pasipo na jibu, hapo ndipo pa kwenda sisi wakubwa, tukaulize kwa sauti, kabla paka hawajaanza kutetemeka.