Ulimi Ulioahidi



Sisi tuliosoma Masalani na viunga vya Ijara katika zama za Nyayo tungali twaikumbuka ahadi ya uaminifu. Bendera ilipandishwa, tukasimama wima, tukaahidi utiifu kwa Rais na kwa taifa, tukamalizia kwa amani, upendo na umoja. Tuliyahifadhi maneno kabla ya kuyafahamu.

Kisha mwaka 1989 serikali ikaamrisha Wakenya wenye asili ya Kisomali wahakikiwe uraia wao, wakapewa kadi za rangi ya waridi. Waliokuwa wakiahidi uaminifu gwarideni sasa walitakiwa kuthibitisha kuwa ni wananchi. Hapo tulifunzika kuwa ahadi ina pande mbili: mwananchi hujifunga kwa taifa, na taifa nalo hujifunga kwa mwananchi.

Leo wanetu watuuliza: je, Muislamu aweza kutamka ahadi kama hiyo? Sisi si mamufti. Mwenye shaka na amwendee shekhe wake. Lakini twawafunza haya. Kiapo huapwa kwa jina la Mwenyezi Mungu pekee, kama alivyotuelekeza Mtume (s.a.w.). Kuahidi kuitumikia nchi kwa wema si kuiabudu, ila ahadi yenyewe ni deni: Suratul Israa, aya ya 34, yatukumbusha kuwa itaulizwa. Na mwenye kuvunja yamini aliyoikusudia, Suratul Maida, aya ya 89, imemwekea kafara. Basi ulimi si kitu chepesi.

Katiba ya 2010 nayo, katika Kifungu cha 32, yakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Mtoto mwenye dhiki ya moyo asifokewe; mzazi na aende kuzungumza na mwalimu kwa adabu.

Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 74, yamtaka afisa wa serikali ale kiapo kabla ya kushika wadhifa. Wengi wa viongozi wetu huapa Msahafu mkononi. Enyi kina mama, tusiishie kupiga vigelegele siku hiyo. Kisima kikikauka na zahanati ikikosa dawa, tuwaendee kwa heshima tuwakumbushe walichokiapa.

Mtoto amwonapo mzazi akitimiza ahadi ndogo ya nyumbani, ameshafunzwa maana ya ile kubwa ya taifa.