Lenzi Ipi kwa Chumba cha Wanawake?



Juma lililopita tulikuwa Katelembo, karibu na mji wa Machakos, katika arusi ya mpwa wetu. Wenyeji walitoa sharti moja: chumba cha wanawake hakiingii mpiga picha mwanamume, wala picha hazitoki nje ya jamaa. Kamera basi tukaibeba wenyewe. Na alikuwepo nyanyake bwana arusi, ambaye picha yake ya pekee ni ile ya kitambulisho. Huyo hatukutaka kumkosa.

Siku moja kabla tulizipima lenzi zetu mbili: ile ya kuvuta iliyokuja na kamera, ya milimita 18 hadi 55, na ile isiyovuta, ya milimita 50. Tulitundika kanga barazani, kamera tukaiweka juu ya meza isitikisike, kisha tukayakuza maandishi ya kanga katika kila picha. Mchana, tundu la lenzi likiwa f/8, tulishindwa kuzitofautisha, ila ile ya kuvuta ilififia kidogo pembeni. Tulipolibana tundu hadi f/22 zote mbili zilififia, kwani nuru ikipita penye nafasi finyu mno hutawanyika. Lakini tundu pana nalo lina madhara yake. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeandika Kitab al-Manazir katika karne ya 11, alieleza kuwa jua lililopatwa huchora umbo la hilali likipita katika tundu dogo, na tundu likipanuliwa umbo hilo hupotea.

Chumbani mambo yaligeuka. Mapazia yalifungwa, taa ilikuwa moja. Ile ya kuvuta, ikifika milimita 55, haifunguki zaidi ya f/5.6, ya milimita 50 hufunguka hadi f/1.8 na kuingiza nuru karibu mara 10. Ya kwanza ilidai sehemu ya 15 ya sekunde, na mikono ya wapiga makofi ikawa kama moshi. Ya pili ilitosheka na takriban sehemu ya 150.

Hata hivyo, kwa f/1.8 nyanya na bibi arusi hawakupatana: macho ya mmoja yalikuwa safi, uso wa mwenziwe ukungu mtupu. Tukarudi f/4, tukakisogeza kiti cha nyanya dirishani na kulifungua pazia la upande wa ua, maana wanaume walikuwa mbele.

Kwa anayetuuliza kama auze bangili anunue lenzi ya thamani kubwa, jibu letu ni la. Hii ya milimita 50 ni miongoni mwa zilizo rahisi kabisa dukani.

Kadi ya kamera tulimkabidhi mamake bwana arusi usiku uleule. Nyanya alitaka kuiona picha yake kwanza. Akaitazama kwa karibu, kimya, kisha akauliza kama mikunjo yote ile ni yake.