Samaki wa vinasaba vilivyobadilishwa: ni halali, lakini nani atatwambia tunachokula?

Kila sifa njema ni za Allah Mtukufu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baad,

Tumepokea masuali kuhusu samaki wanaoitwa "wa GMO". Baadhi yametoka kwa ndugu zetu walioko Canada na Marekani, wanaohofia kuwa wamemla samaki huyo bila ya kujua. Mengine yametoka hapa hapa kwetu, kwa watu wanaomuona sato wa kufugwa aliyegandishwa kwenye friji za maduka, bei yake rahisi, wakaambiana kuwa huyo ni samaki wa maabara na kumla ni haramu. Masuali haya hayafanani na hayafai kupewa jibu moja.

Tuanze na hao wa ng'ambo, kwa sababu huko ndiko jambo lenyewe lilikotokea. Mnyama wa kwanza mwenye jeni iliyotiwa kutoka kwa mnyama mwengine na akaruhusiwa kuliwa na watu ni samoni wa kampuni ya AquaBounty ya Marekani. Asili yake ni kazi ya mwaka 1989 ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Memorial, Newfoundland, nchini Canada. Walichukua jeni ya homoni ya ukuaji kutoka kwa samoni wa Bahari ya Pasifiki anayeitwa chinook, wakaiunganisha na kipande cha vinasaba cha samaki mwengine wa bahari za baridi, mrefu kama mkunga, kisha wakaitia katika yai la samoni wa Atlantiki. Kile kipande cha pili kinafanya kazi ya swichi: samoni wa kawaida homoni yake hupanda na kushuka kwa misimu, na huyu anakua mwaka mzima. Hakuwa jitu la baharini kama picha za mitandaoni zinavyodai. Anafika uzito wa kuuzwa kwa miezi 16 hadi 18 pale ambapo mwenzake anahitaji karibu miaka 3, na hapo ndipo tofauti yao.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilimruhusu Novemba 2015. Canada ikafuata 2016, na mwaka 2017 tani kama 4.5 zikauzwa huko. Sheria ya Canada haikulazimisha kuwekwa alama yoyote juu ya kifungashio. Kwa hivyo ndugu yetu wa Toronto anayeuliza kama aliwahi kumla, jibu ni kwamba inawezekana, na hana njia ya kujua. Marekani mzigo ulizuiwa kuingia mpaka 2019 wakati kanuni za lebo zikingojewa, na mavuno ya mwanzo ya kuuzwa kutoka mabwawa ya Indiana yalitoka 2021. Maduka makubwa kadhaa yalikataa kumuuza. Disemba 2024 kampuni ikatangaza kuacha ufugaji kwa kupungukiwa na fedha. Walaji wake kwa hivyo walikuwa wachache, na leo yeyote anayekwambia kuwa samoni wote wa Ulaya na Marekani ni wa GMO anakudanganya.

Sasa hukmu. Samaki kwa asili yake ni halali. Hili limethibiti katika Suratul Maida aya ya 96 na katika Hadithi mashuhuri juu ya maji ya bahari na maiti wake, na madhehebu zote zimekubaliana juu ya samaki, hata zile zilizokhitalifiana juu ya kaa na kamba. Samoni huyu ni samaki, jeni aliyotiwa ni ya samaki, na swichi yake ni ya samaki. Hakuna kilichoingia ndani yake kutoka kwa kitu kilichoharamishwa. Angetiwa jeni ya nguruwe lingekuwa suali jengine, na baraza la fatwa la taifa la Malaysia lilishatoa rai mwaka 1999 kuharamisha vyakula vinavyotengenezwa kwa vinasaba vya nguruwe. Huyu hayumo humo.

Wapo wanaosema kuwa huku ni kubadilisha maumbile ya Allah, wakitaja aya ya 119 ya Suratun Nisaa. Hoja hii tunaiheshimu, lakini tunaiona haitoshi peke yake. Nyumbu ni zao la punda na farasi, na Waislamu wamempanda tangu zama za Mtume (S.A.W.). Miembe yetu tunaibebesha, na hakuna sheikh aliyewahi kuharamisha embe kwa sababu hiyo. Na katika kisa cha watu wa Madina waliokuwa wakichavusha mitende kwa mikono, kilichopokewa na Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwaachia wakulima jambo lao la dunia wanalolijua. Baraza la Fiqhi la Rabita lilipokaa Makka mwaka 1998 lilijuzisha uhandisi wa jeni katika kilimo na mifugo, kwa sharti la kuchukuliwa kila tahadhari ili pasitokee madhara, hata ya muda mrefu, kwa mtu, kwa mnyama au kwa mazingira. Na likazitaka kampuni zibainishe muundo wa bidhaa hizo. Tunaiona rai hii kuwa ndiyo yenye nguvu, na tunawaomba wasomaji wazingatie kuwa yale masharti ni sehemu ya fatwa. Mtu akichukua neno "inajuzu" akaacha yaliyofuata, hakuichukua fatwa.

Je, faida ipo? Ipo. Kampuni ilisema samaki wake anahitaji chakula pungufu kwa asilimia 25 kufikia uzito ule ule. Samoni wa kufugwa hulishwa kwa sehemu unga na mafuta ya dagaa waliovuliwa baharini, kwa hivyo chakula kikipungua na dagaa wanapona. Anaweza kufugwa katika matangi ya nchi kavu karibu na mji badala ya kusafirishwa kwa ndege. Na dunia inahitaji ufugaji: kwa hesabu za shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, mwaka 2022 ndio mara ya kwanza wanyama wa majini waliofugwa kuwazidi waliovuliwa. Wavuvi wetu hawahitaji takwimu kulijua hilo. Waulizeni madikoni.

Kuhusu afya ya mlaji, FDA ilimpima samaki huyu na kuona nyama yake haina tofauti ya maana na ya samoni mwengine. Homoni ya ukuaji ya samaki ni protini, tumbo linaimeng'enya kama linavyomeng'enya protini nyengine. Aliye na mzio wa samaki atadhurika kwa huyu kama atakavyodhurika kwa yule. Basi kumwita sumu bila ya ushahidi ni kusema uongo, na uongo juu ya chakula cha watu unabaki kuwa uongo hata kama nia ya msemaji ni kuwahifadhi.

Khatari tunayoiona nzito zaidi iko katika maji. Samaki anayekua haraka akitoroka akachanganyika na samaki wa porini, atawaachia watoto wake nini? Kampuni ilijikinga kwa kufuga majike watupu, katika matangi, na kwa kuyabana mayai yatoe samaki tasa. Lakini kiwango kilichowekwa kwa utasa ni angalau 95 katika 100, si 100. Wavuvi na watu wa kabila la Quinault, ambao samoni ndio riziki yao, walikwenda mahakamani, na Novemba 2020 jaji wa California aliamua kuwa FDA haikutazama vya kutosha nini kitatokea samaki hao wakitoroka na kuzaana. Hakuifuta ruhusa, ila aliirudisha kazi ikafanywe upya. Kwa lugha ya fiqhi, mamlaka ilipima madhara ya mlaji ikapungukiwa katika madhara ya asiyekula.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda California kutafuta mfano. Sangara hakubadilishwa vinasaba hata kidogo. Alitiwa tu Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kwa nia ya kuongeza mavuno, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ameshatapakaa, na mamia ya aina za furu zikapotea au kukaribia kupotea. Pesa iliingia kweli. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na watu wengi wa kando ya ziwa wakabaki na mapanki. Hakuna aliyeweza kumtoa tena. Kwa hivyo tunasema: kumla samaki wa aina hii ni halali, lakini kumfuga katika maji ya wazi, ziwani, mtoni au katika vizimba vya baharini, hakujuzu maadamu haijathibiti kuwa hatoroki wala hazaani, na mzigo wa kuthibitisha ni wa mwenye faida.

Jambo la pili ni ghishi. Sote tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) sokoni, alipotia mkono ndani ya rundo la chakula akakuta chini kimerowa na juu kimekauka. Yule muuzaji hakuuza haramu. Chakula kilikuwa halali, na unyevu ulitokana na mvua. Kosa lake lilikuwa kumficha mnunuzi lile ambalo mnunuzi angetaka kulijua. Hoja ya kampuni, kuwa samaki ni yule yule kwa hivyo lebo haina haja, inaanguka hapo. Marekani tangu 2022 lebo ni lazima madukani, lakini mikahawa imesamehewa. Na Japani tangu 2021 wanauza samaki wekundu wa jamii ya changu waliozimwa jeni inayozuia nyama kukua, pamoja na bunju aliyezimwa jeni za shibe ili ale zaidi. (Bunju, ndio, yule yule ambaye kwetu mvuvi humtupa.) Kwa kuwa hawakutiwa jeni ya kigeni, sheria ya huko haikulazimisha lebo. Muuzaji mwenyewe anabainisha kwa hiari yake, na tunampongeza, lakini haki ya mnunuzi haifai kutegemea hiari ya muuzaji.

Na sato wa friji? Huyo kwa kawaida si GMO. Sato anayekua haraka ni zao la kuchagua wazazi bora kizazi baada ya kizazi, kama mfugaji anavyochagua jogoo. Vifaranga vingi hupewa homoni katika wiki za mwanzo ili wote wawe madume, kwani dume hukua haraka zaidi. Hilo linafaa kuulizwa na kukaguliwa na wanaohusika na usalama wa chakula, lakini si kubadilisha vinasaba, na kumharamishia masikini kitoweo chake kwa uvumi ni kumharamisha alichohalalisha Allah.

Kwetu Tanzania, mwaka 2018 serikali iliamuru majaribio ya mazao ya GMO yasitishwe, na uvuvi wa Zanzibar una wizara yake. Siku vifaranga vya aina hii vitakapoletwa, huenda vikaja kama msaada wa uchumi wa buluu, tunapendekeza wizara iulize mambo mawili kabla ya kutia saini: vitafugwa wapi, na lebo itaandikwa kwa lugha gani.

Wallahu aalam.