DADA STAA, HIYO GANZI SIYO LOSHENI!

Wenye bando walishamwona. Yule dada wa kope ndefu, ambaye kila akihojiwa lazima ataje kwamba kwao ni Kasulu (ingawa huko anaonekana kwenye misiba tu), kaacha kuuza wigi, sasa anauza krimu ya ganzi. Maelekezo yake ni mafupi: paka miguu yote, funga nailoni, subiri saa nzima, waksi haiumi hata chembe. Wa tatuu na wa kutoboa pua nao wamo. Mzigo unapandishwa basi hadi Kasulu na Kibondo, na wadada wa saluni wanaugombania, maana nani hataki mteja asiyepiga kelele?

Sasa dada, hiyo ni dawa. Ndani yake kuna lidokaini, ileile anayochomwa mtu kabla ya kung'olewa jino. Haikai juu ya ngozi kama mafuta ya nazi. Inapenya, inaingia kwenye damu, na ikizidi inaenda kuzima mambo kule isikotakiwa, kwenye ubongo na kwenye moyo. Na kinachoifanya izidi ndicho hichohicho anachokifundisha: eneo kubwa, muda mrefu, na nailoni juu yake. Nailoni inazuia krimu isikauke na inaleta joto, ngozi inafyonza maradufu. Huko Kibondo, kwa baridi ya asubuhi, wengine wanaongezea na taulo la moto. Hapo mteja anapikwa, hapambwi.

Nani kasema wivu? Mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo baada ya wanawake wawili kufariki, mmoja ana miaka 22, mwingine 25. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wanajiandaa kutolewa vinyweleo vya miguuni kwa leza, wakapaka krimu ya ganzi, wakafunga miguu nailoni. Degedege, wakapoteza fahamu, hawakurudi. Neno kwa neno ni yale maelekezo ya dada yetu, tofauti ni kwamba yeye kaongezea kialama cha moto na namba ya oda. Machi 2024 FDA ikarudi tena kuonya juu ya krimu hizi zinazouzwa mitandaoni kwa ajili ya tatuu, leza na kutoboa: zinazouzwa bila cheti cha daktari, lidokaini isizidi asilimia 4. Mitandaoni kuna makopo yameandikwa 40, na watu wanashangilia eti kali!

Jibu lake linajulikana. "Mbona mimi natumia na sijafa?" Anatumia kwenye nyusi, dada huyo, kieneo cha vidole viwili. Mteja wake anapakwa kuanzia kifundo hadi paja, kopo zima, tena ngozi imeshasuguliwa na skrabu mpaka imechubuka. Halafu anatupa turufu yake: hata hospitali wanafunika. Ni kweli, wanafunika. Lakini wanafunika kipande kidogo cha ngozi nzima, pale sindano inapoingia, dozi imepimwa kwa uzito wa mtu, na yupo anayemwangalia. Kwenye saluni ya Kasulu anayemwangalia mteja ni luninga.

Inasimuliwa ya binti mmoja hukohuko, siku mbili kabla ya sherehe ya kuagwa. Kapakwa, kafungwa, dakika chache mdomo na ulimi vikafa ganzi wakati krimu iko miguuni, masikio yanavuma, mikono inatetemeka. Msusi anamwambia dawa imekolea. Shoga yake ndiye aliyeng'oa nailoni, akaosha miguu kwa maji na sabuni, akamkimbiza hospitali na lile kopo mkononi ili daktari alione. Kapona. Staa alipoulizwa kwenye DM akasema binti hakuwa amekula.

Mtu wa Dar akizidiwa ana pa kukimbilia pengi. Kutoka Kibondo hadi hospitali ya mkoa ya Maweni, Kigoma, ni zaidi ya kilomita 200. Hilo halimo kwenye tangazo.

(Na makaka mnaocheka, ile dawa ya kupulizia ya kuchelewesha, nyingi ni lidokaini hiyohiyo. Endeleeni kucheka.)

Kibaya zaidi ni lile tangazo la wiki iliyopita, kwamba krimu inafaa hata mtoto anayeota meno. Tangu 2014 FDA imeonya lidokaini isipakwe kwenye fizi za watoto wachanga, maana wanaimeza, wanapata degedege, moyo unaharibika. Fizi zikandwe kwa kidole kisafi au kitambaa chenye ubaridi, basi. Huyu dada ana mtoto mdogo. Wake hakumpaka kwenye video, alimpaka mwanasesere.

Nchini dawa inasajiliwa na TMDA, na muuzaji halali haogopi kuulizwa namba ya usajili. Waliomuuliza wote kawablock. Jana jioni kaposti mzigo mpya wa kwenda Kibondo, makopo yamepangwa kama ngazi, yote yamegeuzwa mgongo. Upande wenye asilimia hauonekani.